Dirisha la Makaa

Phineas Wanyonyi alikuwa na ugonjwa mmoja ambao hakuna daktari angeuponya: alipenda kujua. Si kujua mambo ya watu, hayo aliwaachia wenye nafasi. Alitaka kujua kwa nini kifuniko cha sufuria hucheza maji yakichemka, na kwa nini saa ya ukutani ya Memsabu, mke wa mzungu aliyemwajiri, haikuchoka. Zaidi ya yote alitaka kujua kwa nini kile kijumba cha makaa nyuma ya nyumba kubwa kilikuwa na baridi, ilhali hakuna mtu aliyewahi kuiona baridi ikiletwa.

Kijumba chenyewe ungekipita bila kukitazama mara mbili. Kilisimama chini ya mikaratusi, na kuta zake zilikuwa waya wa kuku, tabaka mbili, katikati zimejazwa makaa. Juu ya kuta palizungushwa mfereji wa bati uliotobolewa vitundu vidogo, na maji yalidondoka humo tone tone, yakalowesha makaa kutwa nzima. Ndani iliwekwa siagi, krimu ya kupelekwa mjini na nyama ya Jumapili. Jua la Januari likiwaka hata mbwa wakalala ulimi nje, siagi ya humo ilikuwa imekaa imara kama kipande cha sabuni. Na kwa sababu Memsabu alikuwa akiiangalia siagi hiyo kuliko alivyomwangalia mumewe, watu wa laini, yaani kambi ya wafanyakazi, walimwita Mama Siagi, ingawa si mbele yake.

Ilikuwa miaka michache baada ya vita vya pili, katika shamba moja la mzungu upande wa Kiplombe. Kazi ya Phineas ilikuwa ya nyumba kubwa: kupiga pasi, kupanga meza, kuwasha jiko. Lakini kila mwaka mvua zikishakatika, kabla upepo mkavu haujaanza kuvuma kutoka upande wa Ainabkoi, alivua aproni nyeupe akavaa gunia, akakitengeneza kijumba kwa ajili ya kiangazi. Hapo ndipo alipokuwa mtu mwenye furaha. Aliyatoa makaa yote, kwa maana mwaka mzima wa vumbi ulikuwa umeyaziba, akayachekecha, yaliyogeuka unga akayatupa, mazima akayaosha mpaka maji yakatoka meupe. Alishona waya palipotafunwa na panya. Alipitisha sindano ya gunia katika kila kitundu cha mfereji. Alikata matawi yaliyokuwa yameanza kuuzuia upepo, na mlango akaupigilia ukanda wa ngozi pembeni ili usivuje.

“Finias,” Memsabu alimwambia kila mwaka, kwa Kiswahili chake cha shamba, “hapana sahau ile tundu.”

“Ndiyo, Memsabu.”

Siku moja alijipa moyo akamuuliza baridi inatoka wapi. Memsabu alifikiri kidogo akasema ni maji tu. Jioni akamuuliza Bwana, naye akasema, bila kuinua macho kutoka kwenye buti lake, kwamba ni upepo. Phineas akabaki na majibu mawili na mke na mume wasioongea sana. Akaona afadhali atafute la kwake.

Mtu wa kwanza kumpinga alikuwa Kimeli, mkamuaji, mwenyeji wa pale pale, kijana mrefu aliyejua ng'ombe wote kwa majina. Kimeli hakuona swali lilikuwa wapi.

“Makaa ndiyo inafanya hiyo kazi,” alisema. “Sisi nyumbani tunasugua kibuyu na makaa, maziwa inakaa mpaka unaisahau. Makaa ni rafiki ya maziwa. Sasa wewe unatafuta nini?”

“Kama ni makaa peke yake, kwa nini tunamwaga maji?”

Kimeli akasema basi wajaribu. Phineas alilipenda neno hilo kuliko jibu.

Basi wakatafuta chupa za pombe za Bwana, tupu, wakazijaza maji ya mto. Moja wakaifukia ndani ya makaa makavu. Ya pili wakaifunga gunia bichi, wakaiweka ndani ya sanduku na kulifunga. Ya tatu wakaifunga gunia bichi vile vile, lakini wakaining'iniza kwenye tawi ambapo upepo ulipita. Walipomaliza kazi za mchana wakarudi, na Kimeli, ambaye kiu ilikuwa imemshika, akateuliwa kuwa hakimu. Akaonja ya makaa akatema. Akaonja ya sandukuni akakunja uso. Akainua ile ya mtini akainywa yote, hata Phineas hakupata tone la kuhakikishia.

“Hii,” alisema, akijifuta mdomo.

“Kwa hivyo makaa haifanyi kitu?”

“Sijasema hivyo.”

“Makaa inashika maji,” Phineas alisema polepole, kama mtu anayekanyaga mawe ya mtoni. “Iko na matundu mingi. Inashika maji, na bado inaacha upepo ipite. Upepo ikipita inabeba joto inaenda nayo. Kimeli, baridi hailetwi. Ni joto inaondolewa.”

Kimeli akamwambia amwondolee na yeye joto la mchana huo, maana ng'ombe walikuwa wanangoja. Lakini Phineas hakulala vizuri kwa furaha. Mtu mwingine angepata ng'ombe akafurahi hivyo.

Sasa, mwaka huo huo alikuwa na jambo lingine rohoni, na hilo halikuwa la kuchezea.

Mama yake, Mama Namalwa, alikuwa amekuja kabla ya Krismasi kwa gari la moshi kutoka Bungoma, akiwa na furushi moja, sufuria moja, na kuku mwenye hasira aliyedonoa watu wote wa behewa. Mumewe, Mzee Kituyi, alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Mama hakufukuzwa na mtu. Kule nyumbani alikuwako mwanawe mkubwa, Khisa, na mke mwema, na ndizi nyuma ya nyumba. Alisema amekuja kutembea tu.

Phineas alimtaka abaki. Alitoka kwao kuja kutafuta kazi Sisibo, kama wazee wa pale walivyouita mji wa Eldoret, kabla ndevu hazijaota, na tangu hapo alikuwa amemwona mama yake kwa likizo, siku chache hapa, siku chache pale, kila mara akiwa na sanduku mlangoni. Sasa alikuwa na mke, Tryphosa, na binti mdogo, Mary, ambaye alianza kutembea kama bibi yake, mikono nyuma. Alimtaka mama yake akae nao miaka iliyobaki. Hakumwambia hivyo, kwa maana mtoto wa kiume hamwombi mama yake kwa maneno kama anayeomba chumvi. Alimjengea nyumba badala yake.

Kwa desturi za Wabukusu mama halali katika nyumba ya mwanawe aliyeoa, kwa hiyo hata angependa asingeweza kumweka kwake. Nyumba ilikuwa ya chumba kimoja, kuta za miti na udongo, hatua chache kutoka yake. Na juu, hapo ndipo Phineas alipojipiga kifua, iliezekwa kwa mabati. Memsabu alikuwa amebomoa banda la zamani la ndama akampa mabati yake, na Phineas, ambaye yeye mwenyewe alilala chini ya nyasi, akayapeleka yote kwa mama yake. Laini nzima ilikuja kutazama. Hapakuwa na mwanamke mwingine katika shamba lile aliyekuwa na bati juu ya kichwa chake, ukimwondoa Mama Siagi.

Wakati wa Krismasi nyumba ilikuwa tamu. Ilipofika Januari, mabati yakaanza kusema. Saa sita za mchana yalilia ka, ka, ka, kama mtu anayevunja kuni, na ndani pakawa tanuri. Mama Namalwa, aliyezoea kujilaza baada ya chakula cha mchana, akawa anahamia kivulini na mkeka wake, kivuli kikihama naye anahama, mpaka jioni akawa ameizunguka nyumba yote.

“Nyumba ni nzuri, Wanyonyi,” alimwambia mwanawe. Nyumbani waliongea Kibukusu, na maneno yao ninayaweka hapa kwa Kiswahili kadiri ninavyoweza. “Lakini mimi si mkate.”

Phineas akacheka. Mama hakucheka.

“Jumamosi ya wiki ijayo utanipeleka stesheni,” akasema. “Kwa Khisa kuna nyasi juu.”

Msomaji atauliza, kwa nini asitoe mabati akaezeka nyasi? Tryphosa aliuliza hivyo hivyo. Nyasi za kuezekea zilikuwa zimeshaliwa na ng'ombe wa shamba mpaka mizizi, na mpya zisingepatikana kabla ya mvua. Hiyo ilikuwa sababu ya kweli. Sababu nyingine, ambayo pia ilikuwa ya kweli, ni kwamba Phineas asingeweza kupanda mbele ya macho ya laini nzima na kuyashusha yale mabati kwa mikono yake. Kichwa chake kilikuwa kigumu kidogo upande huo.

 Kesho yake asubuhi, akipitisha tena sindano katika vitundu vya mfereji wa kijumba cha siagi, akasimama ghafla, sindano mkononi. Kama nyumba ya siagi inaweza kupozwa, nyumba ya mama haiwezi?

Memsabu alimpa waya uliobaki bila kuuliza mengi, na makaa aliyapata kwa wachoma makaa wa miti ya miwati. Jioni ile ile alianza kukata ukuta wa nyumba ya mama yake, upande unaopokea upepo, tundu la ukubwa wa meza ndogo. Majirani wakajaa. Mmoja akasema Finias amechoka na mama yake, sasa anamvunjia nyumba. Mwingine akasema hapana, anatengeneza duka. Kimeli, aliyekuja kusaidia, akawaambia kwamba mama wa Finias atakuwa siagi, na jina hilo likazunguka laini kwa siku kadhaa kabla halijafika masikioni mwa mwenyewe, ambaye alisema ameitwa vibaya zaidi.

Tundu likazibwa kwa waya tabaka mbili na makaa katikati. Juu yake, kwa nje, Phineas akaweka debe lililotobolewa vitundu chini. Maji yakaanza kudondoka. Upepo ukaja. Phineas akasimama pale nje akiwa na hamu ya kujua, na hapo akakumbuka jambo ambalo hakuwa amelifikiria hata kidogo: yeye hawezi kuingia. Mtu mzima aliyetahiriwa haingii mahali mama yake anapolala, na chumba kilikuwa kimoja. Alikuwa ametengeneza kitu ambacho hangeweza kamwe kukionja. Ilimlazimu kusimama mlangoni na kuuliza, kama mgonjwa anayengoja kuambiwa na daktari.

“Mama, kukoje?”

Ikaja sauti kutoka ndani: “Kunanuka jivu.”

Alikuwa hajayaosha makaa, kwa haraka yake. Akayatoa yote, akayaosha, akayarudisha.

“Mama, sasa kukoje?”

“Maji yanaingia mpaka kitandani. Ulitaka nilale au nioge?”

Akalisogeza debe, akachimba kijifereji chini ya dirisha maji yatokee nje. Siku iliyofuata akauliza tena. Mama Namalwa hakuwa mtu wa kumbembeleza mtoto kwa uongo, na Phineas alimpenda kwa hilo, ingawa lilimuuma. Akamwambia kuna ubaridi karibu na dirisha, lakini kwingine ni joto na unyevu, kama ndani ya chungu cha viazi. Phineas akaenda kazini akiwa ameinamisha kichwa. Wakati wa kupanga meza akaweka visu upande wa uma, Memsabu akamkaripia, yeye hakusikia. Alikuwa anafikiria upepo. Upepo ukishaingia unakwenda wapi? Kijumba cha siagi kilikuwa na kuta za makaa pande zote, upepo uliingia huku ukatokea kule. Nyumba ya mama ilikuwa na mlango mmoja, nao ulikuwa umefungwa.

Jioni akatoboa tundu jingine upande wa pili, juu kabisa chini ya mabati, ambako joto hukaa. Nyufa nyingine zote akaziziba kwa matambara ili upepo usiwe na njia ila ile ya makaa. Tryphosa, ambaye mpaka hapo alikuwa ametazama tu, akasema joto la mabati litaendelea kumwagika kutoka juu hata upepo ukipita, kwa hiyo akakaa na sindano akaunga magunia, akayapaka chokaa, na wakayatandaza chini ya paa kama dari. Hapo yeye na Mama ndio walioingia ndani kuyafunga. Phineas alisimama nje akitoa amri ambazo hakuna aliyezifuata.

Siku iliyofuata alipotoka kazini, Mama Namalwa hakuwa chini ya kivuli. Mkeka haukuwako. Phineas akasimama mlangoni akaita.

“Mama?”

“Usipige kelele,” sauti ikasema kutoka ndani, yenye usingizi. “Mtu amelala.”

Tangu siku hiyo ikawa zamu ya mama kuuliza. Na hapo ndipo ulipoweza kuona ule ugonjwa wa Phineas ulikotoka. Watu wa kwao walisimulia kwamba Namalwa alipokuwa msichana alikaa kutwa nzima akichimba kichuguu kwa sababu alitaka kumwona malkia wa mchwa, akapigwa na mama yake, kesho yake akarudi kumalizia. Sasa aliligeukia dirisha. Alikaa mbele yake akitia kidole katikati ya makaa. Alionja maji yaliyodondoka. Aliamka alfajiri kuligusa, akaligusa tena adhuhuri, na jioni akamngoja mwanawe na swali.

“Alfajiri makaa yana baridi kuliko saa yoyote. Kwa nini?”

“Kwa sababu usiku wenyewe una baridi, Mama.”

“Kwa hiyo baridi inaingia usiku na kulala humo ndani.”

“Hailali, Mama. Ni upepo na maji.”

“Lakini mchana inapungua. Nimeigusa.” Akalitazama dirisha kwa jicho la mtu anayetazama gunia linalovuja. “Inaingia usiku, mchana inatoka.”

Phineas alitaka kumweleza habari ya zile chupa, lakini Mary alikuwa ameangusha uji, na maneno yakaishia hapo. Ni jambo dogo. Lakini kama angemaliza maelezo yake siku hiyo, nisingekuwa na kisa cha kusimulia.

Pamoja na yote hayo, Mama hakuwa amebadilisha neno lake kuhusu Jumamosi. Phineas alingoja alibadilishe. Alimsikia akimweleza Tryphosa jinsi alivyolala vizuri, akangoja. Alimsikia akiimba humo ndani, akangoja. Siku ya Alhamisi, Mama akamuuliza kama gari la moshi bado linapita asubuhi. Phineas akajibu ndiyo, akaenda nyuma ya nyumba akasimama huko kwa muda akitazama miti. Alikuwa ametoa joto ndani ya nyumba kwa akili zake zote, na bado mama yake anakwenda. Ilimuuma, na hakuwa na mtu wa kumwambia, kwa sababu hata Tryphosa angemwambia jambo rahisi, kwamba amwombe abaki. Na hilo ndilo lililomshinda.

Siku ya Ijumaa alikuja nyumbani polepole. Kwa mbali aliona kitu kimebadilika lakini hakukitambua. Nyumba ya mama yake ilikuwa mpya. Kuta zake, ambazo wanaume walikuwa wamezibandika udongo haraka haraka kabla ya Krismasi, zilikuwa zimekandikwa upya kutoka juu hadi chini, laini, rangi ya kahawia iliyokolea, bado mbichi ziking'aa. Kiunoni mwa nyumba palizunguka mapambo ya vidole, mawimbi baada ya mawimbi. Mama Namalwa alisimama pembeni, mikono imejaa udongo na mavi ya ng'ombe mpaka viwikoni, akiitazama kazi yake kwa kichwa kilichoinamia upande. Tryphosa, aliyekuwa ametoka kupura mahindi ya shamba akayakuta hayo yamekwisha, alikuwa amesimama nyuma yake akimpa Phineas ishara ya macho anyamaze.

Phineas alitafuta dirisha lake kwa macho. Akatafuta tena.

“Mama,” akasema, “dirisha liko wapi?”

“Liko humo humo.” Mama akaonyesha kwa kidevu mahali ambapo mapambo yalipita, yamenyooka, bila hata kovu. “Nimelikandika leo alfajiri, baridi ikiwa bado imo. Ghala la mtama usipolikandika linavuja, wadudu wanaingia na mtama unatoka. Wewe uliiacha ile baridi wazi, kila siku inatoka. Sasa itakaa.”

Phineas akaweka kiganja ukutani. Hapakuwa na hata uzi wa upepo uliopenya. Chini, mahali ambapo maji yaliyobaki katika makaa yalikuwa yakishuka ndani kwa ndani, udongo ulianza kuvimba. Kutoka mlangoni lilitoka joto lile lile la Januari, zito, la magunia na chokaa.

Alikasirika. Sitaficha, alikasirika hata akakaa juu ya lile debe lake, lililoteremshwa likiwa tupu, ili asiseme. Wiki nzima ya jioni zake, mikono iliyochubuka kwa waya, usingizi aliokosa, vyote vilikuwa vimefunikwa na mavi ya ng'ombe kwa ustadi mkubwa. Na aliyefanya hivyo kesho asubuhi anapanda gari la moshi.  Akaona hakuna faida ya kugombana na mtu anayeondoka.

“Basi, Mama,” akasema. “Hakuna neno. Kesho tutatoka mapema. Umefunga mizigo?”

Mama Namalwa alimgeukia, akamtazama kama alivyomtazama zamani akirudi na mbuzi pungufu.

“Mizigo ya kwenda wapi?”

“Si ulisema Jumamosi.”

“Wanyonyi.” Akaonyesha ukuta kwa mkono wenye udongo. “Huu ni udongo wa kwanza. Utakauka, utapasuka. Ukipasuka nauziba, halafu naupiga wa pili, mwembamba, wenye mavi mengi. Na kabla ya mvua naupiga tena. Sasa nikienda Bungoma, nani atafanya hiyo kazi? Tryphosa ana nyumba yake.”

Phineas alibaki ameshika magoti. Alikuwa amelelewa na mwanamke huyu, na alijua, kama kila mtu wa kwao anavyojua, kwamba mgeni wa kike anaweza kufagia, kupika, kuteka maji, hata kulima, lakini ukuta haugusi. Ukuta unakandikwa na mwenye nyumba. Tangu Krismasi Mama Namalwa alikuwa amefagia na kupika na kuteka maji.  Akainuka juu ya debe, akakaa tena. Tryphosa akageukia upande mwingine akajifanya anatafuta kitu chini.

“Na Khisa?” Phineas akauliza.

“Khisa ana mke wa kumkandikia.” Mama Namalwa akaanza kujikwangua udongo mikononi. “Nilikuwa nangoja kuona kama unataka nikae, au unataka tu watu waone mabati. Halafu ukaanza kuja pale mlangoni kila jioni, Mama kukoje, Mama sasa kukoje. Nikasema, huyu anataka nikae.”

Phineas akasema, “Nilitaka, Mama. Nataka.” Maneno yalitoka yamekauka, lakini yalitoka.

“Sawa. Sasa niambie, nimekosea wapi? Maana naona umekunja huo uso tangu uguse ukuta.”

Basi akamwambia. Hakutumia maneno mengi. Alichukua kata ya maji akamwosha mkono mmoja mpaka udongo ukaisha, akamwambia aunyooshe kwenye upepo. Upepo wa jioni ukapita, na Mama Namalwa akashtuka kidogo. Kisha Phineas akaufunika mkono ule ule na khanga ya Tryphosa, wakangoja. Mama akaangalia khanga, akaangalia mkono, akaifunua tena mwenyewe, upepo ukapita, akaifunika. Alirudia mara kadhaa. Tryphosa akasema ugali utapoa, hakuna aliyemjibu.

“Kumbe haikai ndani,” Mama alisema mwishowe. “Inapita tu.”

“Inapita tu. Ukiifungia inakufa.”

“Mbona hukuniambia?”

“Nilianza kukuambia, Mary akamwaga uji.”

Mama Namalwa akacheka mpaka akashika ubavu. Kisha akaingia ndani na kisu cha jikoni, na Phineas akabaki nje na panga. Wakaanza kuukata ule udongo mbichi, yeye kwa upande wake, mama kwa upande wake, wakifuata ukingo wa dirisha na kuyaacha mapambo yaliyolizunguka. Udongo ulitoka kwa vipande vikubwa. Makaa yalikuwa yamechafuka, mengine ikabidi yang'olewe, lakini baada ya muda Phineas akaona mwanga wa taa ya ndani ukipenya, na nyuma ya waya akaona kivuli cha mama yake kikisogea. Akalijaza debe maji, akaliweka mahali pake, akasikia matone ya kwanza yakigonga.

“Kukoje, Mama?”

“Bado joto.”

“Ngoja kidogo. Upepo unakuja.”

“Nangoja,” akasema Mama Namalwa kutoka ndani. “Mimi niko hapa.”